Kubadilisha stadi za tairi na kufunga spesa: mwongozo kamili

Nenda Gerezani pale Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kule Nairobi, uulizie spesa za tairi, yaani vile vipande vinavyokaa kati ya rimu na habu (kitovu ambacho tairi hufungwa) ili kuisogeza rimu nje. Muuzaji atataka kujua gari gani, matundu mangapi na unene gani, kisha atakuwekea boksi mezani. Hatakuuliza stadi zako, zile bolti zinazochomoza kwenye habu na kufungwa nati za tairi, zina hali gani. Nami naona hilo ndilo swali la kwanza, kwa sababu spesa, hata ikiwa ya bei mbaya kiasi gani, inashikwa na stadi zilezile zilizokuja na gari kutoka Japani, ambazo tangu hapo zimepita mikononi mwa kila fundi pancha wa barabara hii. Kwa hiyo tutaanza na stadi, halafu spesa zifuate.

Gari la mfano ni Toyota Mark X, maana ni mojawapo ya magari yanayofungwa sana spesa huku kwetu. Lina stadi tano kwenye duara la milimita 114.3, uzi wa 12 kwa 1.5 (kipenyo cha milimita 12, na milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi), na tundu la kati la rimu ni 60.1. Gari lako likiwa jingine, kazi ni ileile ila vipimo vinabadilika: Nissan na Subaru nyingi zina uzi wa 12 kwa 1.25, Land Cruiser 100 ina 14 kwa 1.5, Prado ina stadi sita kwenye duara la 139.7. BMW, Volkswagen na Mercedes mara nyingi hazina stadi kabisa. Bolti inapita kwenye rimu na kuingia ndani ya habu, kwa hiyo ukifunga spesa unanunua bolti ndefu zaidi, na sehemu ya stadi hapa chini unaweza kuiruka.

Kinachoshika tairi

Wengi hudhani uzito wa gari umekalia stadi. Sivyo. Ukikaza nati, stadi inavutika kidogo mno, na mvuto huo unaibana rimu kwenye diski na diski kwenye habu. Mbano wa nyuso hizo ndio unaobeba mzigo, breki na kona. Mbano ukipungua, rimu inaanza kucheza, na kila tairi linapozunguka stadi zinapindwa huku na huku hadi chuma kinachoka na kukatika. Stadi nyingi unazoziona zimekatika barabarani hazikuelemewa na mzigo. Ama nati zilikuwa zimelegea, ama siku moja zilikazwa kupita kiasi.

Kukaza kupita kiasi ni rahisi kuliko unavyofikiri. Toyota ndogo nyingi, Mark X ikiwemo, zinataka nati zikazwe kwa Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Kwenye spana yenye mkono wa sentimita 30, hiyo ni nguvu ya kama kilo 35 tu, yaani kuvuta vizuri kwa mikono bila kukunja uso. Sasa chukua kijana wa kilo 70 anayesimama juu ya bomba la nusu mita: hapo ameshafika Nm 340 na ushee, zaidi ya mara tatu. Atakwambia, "Bosi, hii haifunguki ng'o." Ni kweli haifunguki, kwa sababu stadi imeshavutika na haitarudi.

Kuzikagua stadi

Legeza nati gari likiwa chini, pandisha, vua tairi, kisha safisha nyuzi kwa brashi ya waya. Usipake mafuta. Chukua nati safi uizungushe kwa vidole. Inatakiwa iende mpaka mwisho bila kugoma. Ikienda vizuri mpaka katikati halafu ikaanza kuwa nzito, na nyuzi hazina uchafu wala kutu, stadi hiyo imevutika: nafasi kati ya uzi na uzi imeongezeka, nati haikubaliani nayo tena. Weka stadi mpya kandokando ya ile ya zamani, nyuzi zikitazamana dhidi ya mwanga. Zikilingana, zitaingiliana kama meno ya zipu. Zisipolingana, utaona mwanga ukipenya upande mmoja.

Nyingine zinajisema zenyewe: nyuzi zilizolala kwa sababu nati iliingizwa upande, kutu iliyokula shina (magari ya Mombasa, Tanga na Zanzibar yanaijua), au stadi inayozunguka pamoja na nati kwa sababu meno yake hayashiki tena kwenye habu.

Je, ikikatika moja ubadilishe moja? Mimi hubadilisha zote za tairi hilo. Jirani za iliyokatika zimebeba mzigo wake kwa muda usiojulikana, na bei ya stadi ni ndogo ukilinganisha na kufungua breki mara ya pili. Ukikwama njiani na gari la stadi tano limebaki na nne zilizokazwa sawasawa, nenda polepole hadi gereji ya karibu. Zikikatika mbili, au gari ni la stadi nne kama Vitz na Probox, ita gari la kuvuta.

Kununua

Nenda dukani na stadi ya zamani mkononi pamoja na venia, kile kifaa cha kupimia vipenyo. Kipenyo cha uzi na urefu kila mtu anapima. Kinachosahaulika ni kipenyo cha ile sehemu yenye meno chini ya kichwa. Ikiwa nyembamba kwa sehemu chache tu za kumi za milimita, stadi itazunguka ndani ya habu siku utakayotaka kufungua tairi usiku. Ikiwa nene, utailazimisha na inaweza kupasua habu. Pima pia urefu wa sehemu yenye meno na upana wa kichwa. Ukikuta daraja la chuma limeandikwa, tafuta 10.9. Bolti ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi iliyochongwa na fundi wa leti ifanane na stadi si stadi, hata ikiingia.

Nati nazo uzitazame. Rimu nyingi za aloi za Toyota zilizotoka kiwandani zinatumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu za spoti za kununua mtaani kwa kawaida zinataka nati yenye mdomo wa koni wa digrii 60. Honda ina mdomo wa duara. Ukichanganya, nati inagusa rimu kwenye ukingo mwembamba tu, na hata ukikaza vipi italegea.

Kazi yenyewe

Fanyia mahali tambarare, sakafu ngumu. Weka mawe au vigogo kwenye matairi yanayobaki chini. Ukishapandisha kwa jeki, weka stendi chini ya chesisi kabla hujaingiza mkono. Jeki ni ya kupandishia, si ya kulalia. Kama unashughulikia nyuma, breki ya kuegeshea iachie, maana kwenye Mark X brekishu zake zimo ndani ya diski ya nyuma na zikiwa zimebana diski haitoki.

Fungua bolti mbili zinazoshika mabano ya kalipa (kile kinachobana pedi za breki kwenye diski), mara nyingi namba 17, kisha nyanyua kalipa lote pamoja na pedi ulining'inize kwa waya kwenye springi. Usiliache lining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Mpira ukijeruhiwa ndani hutaona, utakuja kuona siku ya breki. Diski ikigoma, tazama matundu mawili madogo yenye uzi usoni mwake. Hayo ni ya bolti za milimita 8: ziingize mbili, kaza kila moja kidogo kidogo kwa zamu, na diski itajisukuma yenyewe. Gereji nyingi hupiga nyundo huku matundu haya yapo.

Sasa zungusha habu ukichungulia nyuma yake. Utapata sehemu moja ambapo bati la vumbi limekatwa au pana uwazi wa kutosha stadi kutokea kinyumenyume. Leta stadi mbovu hapo. Njia nzuri ya kuitoa ni kifaa cha kusukumia, kama kile cha kutolea bojointi au kilempu imara ya umbo la C. Njia ya mtaani ni nyundo, na sitajifanya kwamba haifanyi kazi. Ila beringi ya habu haipendi kugongwa: kila pigo linaacha alama ndogo kwenye njia ya gololi, na baada ya miezi gari linaanza kuvuma. Ukilazimika, funga nati ya zamani usawa na ncha ya stadi, piga mapigo machache yenye uzito, si mengi mepesi, na kaa mbali na waya wa ABS. Stadi iliyogoma kabisa inataka habu ifunguliwe ipelekwe kwenye presi. Kuna magari ambayo hata uwazi wa nyuma haupo, na hayo habu inatoka tu, hakuna ujanja.

Kuingiza mpya kunahitaji utulivu. Safisha tundu, pitisha stadi kutoka nyuma, izungushe kwa vidole mpaka uhisi meno yake yanaingia kwenye mifereji iliyoachwa na ya zamani. Panga washa nene tatu au nne juu ya stadi, weka grisi kati ya washa na washa tu, kisha funga nati ya kazi, ile ambayo hutaitumia tena kwenye tairi, upande wake bapa ukigusa washa. Kaza kwa spana ya mkono. Utahisi uzito ulio sawa wakati meno yanaingia, halafu ghafla inakuwa ngumu: kichwa kimefika. Hapo simama. Usitumie mashine ya upepo kwa kazi hii, kwani haikupi hisia hiyo, na stadi mpya inavutika kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Chungulia nyuma kwa tochi. Kichwa lazima kilale bapa kwenye habu pande zote, pasipopita hata ukucha. Kikibaki na mwanya, kitajivuta taratibu ukiwa barabarani, na kwa kila kiasi kinachojivuta mbano unapungua. Hii ndiyo sababu kubwa ya stadi mpya kulegea wiki ya kwanza, na watu husingizia nati.

Rudisha diski, kalipa na tairi. Nati zote zianze kwa vidole, mizunguko mitatu minne kila moja, ndipo spana. Kaza kwa mtindo wa nyota, ukiruka moja, kwanza nusu ya nguvu, kisha shusha gari ukamalizie kwa spana ya kupimia mkazo. Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoka. Halafu, baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena kwa kipimo kilekile.

Kuhusu grisi kwenye nyuzi: mafundi wengi huipaka ili siku nyingine zifunguke kirahisi. Nia ni njema, lakini kipimo cha Nm 103 kimewekwa kwa nyuzi kavu. Uzi ukiteleza, nguvu ileile ya mkono inavuta stadi zaidi ya ilivyokusudiwa. Kama kutu inakusumbua, safisha nyuzi na utumie nati zilizofunikwa. Mahali pa kupaka grisi kidogo ni kwenye mdomo wa katikati wa habu, ili rimu isigande.

Spesa: ipi na kwa nini

Spesa inasogeza rimu nje. ET ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaolala kwenye habu; rimu ya ET50 ukiiwekea spesa ya milimita 20 inakaa kama ya ET30, na ukifunga pande zote mbili, matairi ya ekseli hiyo yamepanuka kwa milimita 40. Sababu nzuri za kufunga zipo: rimu uliyonunua inagusa kalipa, au tairi pana la Prado au Hilux linasugua amu ya juu ya sospensheni. Kupendezesha gari nayo ni sababu, sina ugomvi nayo. Ila ujue unalipa: mzigo unaegemea nje zaidi ya beringi, usukani unaweza kuvuta kwenye mashimo, na matope yanapaka ubavu wote. Nchini Ujerumani spesa lazima ziwe na kibali cha kiufundi kwa gari husika. Huku kwetu usalama unabaki kwako, na ni busara kumweleza mtu wa bima kabla hajagundua mwenyewe.

Aina ni mbili. Ya kwanza ni sahani inayopachikwa tu juu ya stadi, kwa kawaida milimita 3 hadi 10. Ya pili inafungwa kwenye stadi za gari kwa nati zake, na ina stadi zake za kushikia rimu. Hizi kwa kawaida ni za milimita 20 kwenda juu, na 25 au 30 kwa Prado.

Kwa ile ya sahani, hesabu ni ya mizunguko. Kanuni salama ni nati kushika urefu usiopungua kipenyo cha stadi: milimita 12 za uzi wa 1.5 ni mizunguko 8. Za uzi wa 1.25 ni karibu 10. Vua nati moja ukihesabu mizunguko tangu ilegee mpaka itoke. Tuseme umepata 9. Spesa ya milimita 5 inakula mizunguko 3 na kidogo, umebaki na chini ya 6. Haitoshi. Hata ya milimita 3 inakula 2, nayo inakupeleka 7. Hapo unahitaji stadi ndefu, na sasa umeona kwa nini tulianza na kuzibadilisha. Ukiweka ndefu, achana na nati zilizozibwa kichwani, au hakikisha ncha ya stadi haigusi kifuniko. Ikigota humo utadhani umekaza rimu kumbe umekaza kofia.

Jambo la pili ni mdomo wa habu. Sahani nene inaweza kuumeza mdomo wote, rimu ikabaki haina cha kukalia katikati, na gari likaanza kutetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa huku balansi ikiwa sawa. Nunua spesa yenye mdomo wake wa mbele, na tundu lake lilingane na habu yako: 60.1 kwa Mark X, si "inaingia ingia".

Kwa ile ya kufungwa, pima jinsi stadi za gari zinavyochomoza juu ya uso wa diski. Zikizidi unene wa spesa, ncha zake zitagusa rimu na kuizuia isilale, isipokuwa rimu yenyewe ina mashimo ya kuzipokea. Wengine huzikata stadi kwa grenda. Mimi ningenunua spesa nene kidogo, kwa sababu stadi iliyokatwa haikubali kurudi kwenye hali ya kiwanda. Spesa iwe imechongwa kwenye aluminiamu ya kufuliwa, kwa mfano daraja la 6061-T6, isiwe ya kumiminwa. Zile zenye matundu marefu ya kukubali kila gari, ziache dukani. Kupanga spesa mbili pamoja, au kurundika washa nyuma ya rimu, hata kwa safari ya hapa na pale, usikubali.

Kufunga spesa

Ondoa vile vibati vidogo vya mviringo ambavyo kiwanda huacha kwenye stadi kushika diski, kama bado vipo. Kibati kimoja kinatosha kuinua spesa upande. Sugua uso wa diski mpaka chuma king'ae, na utazame mgongo wa rimu: rangi nene iliyopuliziwa mahali rimu inapolala itabanwa, itasagika, na nati zitalegea. Ikwangue.

Pachika spesa, iguse habu pande zote bila kuyumba. Ile ya kufungwa, kaza nati zake za ndani kwa nyota na kwa kipimo cha gari, kisha zungusha kidole juu yake: hakuna nati wala ncha inayochomoza nje ya uso. Kisha rimu, nati kwa vidole, nyota, shusha, kipimo.

Sasa jaribu nafasi. Zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, tazama tairi na madigadi. Pakia watu watatu nyuma upite tuta polepole na dirisha wazi. Ukisikia mkwaruzo, usingoje tairi likatike ubavu. Punguza unene wa spesa.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa spesa za kufungwa, inabidi uvue tairi lenyewe, kwa sababu nati za ndani huwezi kuzifikia vinginevyo. Hapa ndipo wengi huingiwa na uvivu: wanakaza nati za nje na kuondoka, kumbe zilizolegea ni za ndani. Ukisharidhika, chora mstari wa rangi kutoka kwenye kila nati ya ndani hadi kwenye spesa, ili kila tairi likivuliwa uone mara moja kama kuna iliyosogea.

Na siku ya pancha, shuka kwenye gari. Mwambie kijana aanzishe nati kwa vidole na asimalizie kwa mashine ya upepo, kisha umalizie mwenyewe kwa spana yako. Spana hiyo, pamoja na nati mbili za akiba za mdomo sahihi, ikae kwenye buti pamoja na spea. Kumbuka pia kwamba spea ikiwa ya rimu ya chuma huenda ikataka nati tofauti na zile za rimu zako za spoti. Ijaribu nyumbani kabla ya safari, ikiwa juu ya spesa, usije ukaanza kutafuta nati Mikumi saa nne usiku.